Kumlilia Mbwa Si Upungufu wa Utu

Mwezi uliopita, hapa Dakawa, lori lilimgonga mbwa wa mama yangu katika barabara ya Morogoro–Dodoma. Jina lake lilikuwa Msiri. Alikuwa mbwa wa kawaida, asiye na ukoo wa kujivunia. Kwa miaka tisa, kila mpunga ulipoanza kuchanua, aliongozana na mama alfajiri kwenda kuamia ndege, akashinda naye kibandani hadi jua kuzama. Tulimzika nyuma ya nyumba. Machozi yalinitoka, nikageukia pembeni. Mama akaniuliza, "Mwanangu, unalia au unakohoa?" Nikamjibu kwamba nakohoa.

Ndugu msomaji, nimevuka miaka arobaini, nina shahada ya uzamivu, na nilimdanganya mama yangu mbele ya kaburi la mbwa. Tangu siku hiyo najiuliza: nilikuwa namwogopa nani?

Swali hilo limenikumbusha mwanafunzi aliyewahi kuja ofisini kwangu kuomba siku mbili zaidi za kukamilisha kazi yake. Paka aliyeishi naye chumbani alikuwa amekufa. Nilicheka. Nikamwambia kwamba wapo wanaofiwa na wazazi na bado wanawasilisha kazi kwa wakati. Akaomba radhi, akaondoka. Nilimfundisha kwamba maumivu yake sharti yapimwe kwanza kwa mizani ya wengine ndipo apewe kibali cha kuyahisi.

Jamii yetu imeligeuza neno "jikaze" kuwa sera. Mkulima anayedaiwa mkopo wa pembejeo huambiwa ajikaze. Mwalimu mwenye wanafunzi mia moja darasani, ajikaze. Mwanamume aliyefiwa, ajikaze maradufu. Ushauri huu haumgharimu chochote anayeutoa, na ndiyo maana wenye mamlaka huupenda: anayejikaza haulizi kwa nini mzigo ni mzito.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Kristin Neff, katika maandishi yake ya mwaka 2003, alikueleza kujihurumia kwa nguzo tatu: kujitendea kwa upole, kutambua kwamba mateso ni fungu la wanadamu wote, na kuyatazama maumivu bila kuyakana wala kuyakuza. Huko si kujidekeza. Anayejidekeza hukwepa wajibu; anayejihurumia huukabili akiwa mkweli kuhusu hali yake.

Wapo watakaosema kwamba kumpenda mnyama ni desturi ya kigeni. Hoja hiyo haina mashiko hapa mkoani Morogoro. Wafugaji wa Kimaasai wa wilaya yetu ya Mvomero huwatambua ng'ombe wao mmoja mmoja. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na kila panya ana jina lake. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Alipokufa Januari 2022, waliofanya naye kazi waliomboleza hadharani, wala hakuna aliyewaona wamepungukiwa akili.

Wengine watauliza: tumlilie mbwa ilhali barabara hiyohiyo inaua watu? Nami nasema huruma si pishi la mchele, kwamba ukimpimia mmoja mwingine atakosa. Aliyezoea kuyabeza machozi yake hatachelewa kuyabeza ya jirani.

Jioni ile baada ya maziko nilimuuliza mama anajisikiaje. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Yeye nilikuwa namweleza habari za lile deni. Sasa nitamweleza nani?" Sikuwa na habari ya deni lolote. Mimi, mwanawe wa kwanza, ninayekuja nyumbani kila mwisho wa juma, sikujua alichokijua mbwa. Mama hakunificha kwa ubaya. Kila alipoanza kulalamika nilimwambia, kwa upendo kama nilivyodhani, "Mama, jikaze."

Tumekaa, tumelipiga hesabu deni lile, na litalipika. Mwanafunzi yule naye nimemtafuta kwa simu na kumwomba radhi. Alicheka kidogo, kisha akaniambia jina la paka wake.