Harufu ya gari jipya isitulevye

Jirani yangu hapa Old Kampala amenunua gari lililotumika Japani. Sheria ya mwaka 2018 inakataza kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi. Lake lina 12. Hata hivyo amevisha viti plastiki, akapuliza marashi ya “gari jipya” na kufunga vioo. Ijumaa alinipakia kutoka msikitini. Mtoto wake akalalamika kichwa kinamuuma, baba akacheka: “Hiyo ndiyo harufu ya pesa!”

Hapana, bwana. Harufu ya gari jipya ni mvuke wa kemikali za plastiki na gundi, na jua huuzidisha. Marashi huongeza kemikali nyingine. Najua vumbi na moshi wa barabarani hutulazimisha kufunga vioo. Basi tufungue milango kwanza, ndipo tupakie watoto. Gari ni fahari, lakini mtoto si wa kufukizwa.