Viza ya mwekezaji: Mkenya akosa mkataba, si mtaji tu

MFANYABIASHARA wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, aliyeuza shamba ili akafungue duka Marekani, huenda akaambiwa na wakala kwamba ipo viza iliyotengewa watu wa aina yake.

Kweli ipo. Inaitwa E-2, na humruhusu mwekezaji kuishi huko pamoja na mwenzi wake na watoto maadamu biashara inaendelea. Sheria haikuweka kima cha chini. Inataka mtaji unaotosha biashara yenyewe.

Lakini haimhusu. E-2 hutolewa kwa raia wa mataifa yaliyo na mkataba na Marekani kuhusu jambo hilo, na Kenya haimo. Ethiopia imo, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pia imo. Kwa hivyo, wakala anayetoza ada ili kumwombea mtu E-2 kwa pasipoti ya Kenya anauza hewa, hata ofisi yake iwe na zulia.

Mkenya amebakiziwa EB-5, njia ya kupata ukazi wa kudumu. Tangu Machi 2022, inadai dola 800,000 katika maeneo maalumu, yakiwemo ya mashambani, na dola 1,050,000 kwingineko, pamoja na kubuni nafasi 10 za kazi. Kiwango hicho cha chini ni zaidi ya Sh100 milioni. Muuza nyama wa soko la Burma, hapo Jogoo Road, hana haja ya kuendelea kusoma masharti.

Vichochoro navyo vimezibwa. Zamani tajiri aliweza kununua uraia wa Grenada, yenye mkataba, kisha akaomba E-2. Tangu Desemba 2022, aliyepata uraia kwa njia hiyo sharti kwanza awe ameishi Grenada miaka mitatu. Uingereza nayo ilifuta viza yake ya wawekezaji wa pauni milioni 2 mnamo Februari 2022.

Kwa upande wake, Kenya humruhusu Mmarekani mwenye mtaji wa dola 100,000 kuomba kibali cha daraja G na kufanya biashara nchini. Si vibaya kumkaribisha. La kushangaza ni kwamba ukarimu huo haujadaiwa malipo.

Nafasi ya kudai ilikuwepo. Mazungumzo ya biashara huria kati ya Nairobi na Washington yalianza Julai 2020, kisha Julai 2022 yakageuzwa kuwa ushirikiano wa kimkakati usiogusa ushuru. Hadharani kilichovuma ni AGOA, nguo na mazao ya kilimo. Mwenye duka hakutajwa sana.

Ilhali Chile na Singapore zilipata mlango huo kupitia mikataba ya biashara huria iliyoanza kutumika 2004, nayo Ureno ikaupata kwa sheria ya Bunge la Marekani mnamo Desemba 2022. Wajumbe wa Kenya watakaporejea mezani, hawatakuwa wakiomba jambo geni.