Skenes ndiye mrushaji bora, Pirates bado wanapigwa: timu ianze na mrushaji au mpigaji?

Novemba 2025, Paul Skenes wa Pittsburgh Pirates alishinda Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa mwaka kwenye ligi ya National ya besiboli Marekani. Kura zote za nafasi ya kwanza zilikwenda kwake. Alikuwa na miaka 23 tu.

Timu yake je? Ilishinda mechi 71 na kupoteza 91. Mara ya mwisho Pirates kucheza hatua ya mtoano ilikuwa 2015.

Skenes mwenyewe alimaliza msimu akiwa ameshinda mechi 10 na kupoteza 10. Na huyu ni mtu aliyeruhusu wastani wa pointi 1.97 tu kwa kila inningi tisa, yaani urefu wa mechi moja ya kawaida. Alikuwa anawazuia wapinzani vizuri kabisa, ila wenzake hawafungi. Pirates walikuwa kati ya timu zilizopata pointi chache zaidi msimu ule.

Ni kama kuwa na kipa bora duniani halafu huna straika.

Ndiyo maana swali la siku nyingi limerudi mezani: timu mbovu ikipewa nafasi ya kuchagua kijana mmoja wa kujenga naye, imchukue anayerusha mpira au anayeupiga?

Drafti inavyofanya kazi

Kwenye soka, timu inatafuta kijana inayemtaka na kumsajili. Besiboli ya Marekani haiko hivyo. Tangu 1965 kuna drafti: kila mwaka timu zinapanga foleni na kuchagua vijana kutoka shule za sekondari na vyuo, mmoja baada ya mwingine. Siku hizi kuna raundi 20. Timu zilizofanya vibaya ndizo zinazopata nafasi za juu, na tangu 2023 namba za mwanzo zinapangwa kwa bahati nasibu ili timu zisifungwe makusudi.

Drafti inawahusu vijana wa Marekani, Canada na maeneo kama Puerto Rico. Wengine wanasajiliwa kwa mlango mwingine. Ndivyo Los Angeles Dodgers walivyowachukua vijana wawili wa Uganda mwaka 2022 bila drafti yoyote.

Mwaka 2023 Pirates walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Walimchukua Skenes, mrushaji wa chuo cha LSU, wakampa dola milioni 9.2 za kusaini. Washington Nationals, waliokuwa wa pili, wakamchukua Dylan Crews, mpigaji wa chuo hichohicho.

Kwa mwaka mmoja, wanalingana

Hoja inayosikika sana dhidi ya warushaji ni hii: mrushaji anayeanza mechi anacheza siku moja, halafu anapumzika siku nne au tano. Skenes alianza mechi 32 kati ya 162. Mpigaji mzuri anaweza kucheza karibu zote.

Inaonekana kama hoja nzito, ila ukiichunguza ina tundu. Siku mrushaji anapocheza, anakutana na kila mpigaji wa timu pinzani, tena mara mbili au tatu. Kwa msimu mzima anakabiliana na wapigaji wapata 700. Mpigaji wa kila siku naye anasimama na rungu lake mara 600 hadi 700 hivi. Kwa hiyo kazi wanayofanya kwa mwaka haipishani sana.

Tofauti inakuja ukiuliza: na mwaka wa tano je? Wa saba?

Tatizo lipo kwenye kiwiko

Kurusha mpira kwa nguvu ileile maelfu ya mara kunavuta kano iliyo upande wa ndani wa kiwiko. Ikichanika, daktari anachukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuipandikiza pale. Upasuaji huo ulifanywa mara ya kwanza 1974 na Dk. Frank Jobe, kwa mrushaji aitwaye Tommy John, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kupona kunachukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Zamani hilo lilikuwa jambo la nadra. Sasa hivi ni kama sehemu ya kazi, kwa sababu kila mtu anarusha kwa kasi zaidi. Mwaka 2008 mpira wa kasi kwenye ligi kuu ulikuwa na wastani wa maili 91 kwa saa. Kufikia 2024 ulipita 94. Kijana anayetaka kuchaguliwa mapema anajua maskauti wanaangalia kasi kwanza, kwa hiyo anaikimbilia tangu yuko shule. Kile kinachompandisha kwenye foleni ndicho kinachokula mkono wake.

Mfano mzuri ni Washington Nationals, waliopata nafasi ya kwanza miaka miwili mfululizo. Mwaka 2009 walimchukua mrushaji Stephen Strasburg. Mwaka 2010 wakamchukua mpigaji Bryce Harper.

Strasburg alifanyiwa upasuaji wa kiwiko 2010, akarudi, na 2019 akawa mchezaji bora wa fainali za World Series timu ilipobeba ubingwa. Wakampa mkataba mpya wa dola milioni 245 kwa miaka saba. Baada ya hapo aliweza kucheza mechi nane tu, mwili ukagoma, akastaafu.

Harper alikuwa mchezaji bora wa ligi 2015, akahamia Philadelphia Phillies, na 2021 akashinda tena. Yeye pia alifanyiwa upasuaji wa kiwiko, Novemba 2022. Mei 2023 alikuwa ameshika rungu tena. Jeraha lilelile la mrushaji lingemweka nje msimu mzima au zaidi.

Houston walijifunza kwa maumivu

Houston Astros walikuwa wa kwanza kwenye foleni miaka mitatu mfululizo. Mwaka 2012 walimchukua mpigaji, Carlos Correa. Miaka miwili iliyofuata wakachukua warushaji, Mark Appel na Brady Aiken.

Appel, mhitimu wa Stanford, hakuwahi kuichezea Houston mechi hata moja ya ligi kuu. Aliuzwa, akaacha mchezo kwa muda, akarudi, na alipogusa ligi kuu kwa mara ya kwanza ilikuwa 2022 akiwa na Phillies, na miaka 30.

Aiken hakufika kabisa. Houston waliona kitu kwenye vipimo vya kiwiko chake, wakavutana kuhusu pesa, hakusaini. Mwaka uliofuata akafanyiwa upasuaji. Kwa kumkosa, Astros walipewa fidia ya nafasi ya pili kwenye drafti ya 2015. Wakamchukua mpigaji, Alex Bregman.

Correa na Bregman wakawa nguzo za timu iliyobeba ubingwa 2017. Ubingwa huo ulikuja kuingia doa baada ya kugundulika Astros walikuwa wanaiba ishara za wapinzani kwa kamera, lakini kwenye suala la nani alichaguliwa na akadumu, jibu liko wazi.

Chicago Cubs walifanya kanuni

Theo Epstein alipopewa Cubs mwishoni mwa 2011, timu ilikuwa haijabeba ubingwa tangu 1908. Mpango wake ulikuwa: chaguo la kwanza la drafti ni mpigaji. Albert Almora 2012, Kris Bryant 2013, Kyle Schwarber 2014, Ian Happ 2015. Bryant ndiye aliyechaguliwa wa pili mwaka uleule Appel alipokuwa wa kwanza.

Warushaji je? Aliwatafuta kwingine, wakiwa wameshaiva. Kyle Hendricks na Jake Arrieta walikuja kwa kubadilishana wachezaji. Jon Lester alinunuliwa kwa dola milioni 155 kwa miaka sita.

Novemba 2016 Cubs walibeba kombe kwa kuifunga Cleveland 8-7 kwenye mechi ya saba, na aliyeanza kurusha siku ile alikuwa Hendricks. Bryant alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka huo.

Na kuna sababu nyingine ya kusubiri: warushaji wazuri wanapatikana hata chini kabisa. Tarik Skubal wa Detroit Tigers, aliyeshinda Cy Young ya ligi ya American 2024 na 2025, alichaguliwa raundi ya tisa, namba 255. Jacob deGrom, mwenye tuzo hiyo mara mbili, naye alitoka raundi ya tisa. Yaani tuzo mbili za 2025 zilikwenda kwa namba 1 na namba 255.

Lakini subiri

Wanaotetea warushaji nao wana hoja zao.

Mwaka 2015, kabla Cubs hawajabeba, walikutana na New York Mets kwenye fainali ya ligi ya National. Mets walikuwa wamejengwa kwa warushaji vijana: Matt Harvey, deGrom, Noah Syndergaard, Steven Matz. Cubs walipigwa mechi nne kwa sifuri. Wapigaji wa Cubs kwa ujumla walinyamazishwa.

San Francisco Giants walichukua ubingwa 2010, 2012 na 2014 wakiwa na warushaji waliowachagua wenyewe raundi ya kwanza, kama Tim Lincecum na Madison Bumgarner.

Na ubingwa wa 2025? Dodgers waliupata mechi ya saba kule Toronto, na shujaa alikuwa mrushaji, Yoshinobu Yamamoto, aliyeshinda mechi tatu za fainali hizo.

Kwa hiyo hakuna ubishi kwamba ubingwa unahitaji warushaji. Ubishi ni wapi unawapata na lini. Mets wale wa 2015 walidumu muda mfupi sana: mwaka uliofuata Harvey, deGrom na Matz wote walifanyiwa upasuaji. Yamamoto naye hakupitia drafti. Dodgers walimtoa Japan kwa mkataba wa dola milioni 325.

Hapo ndipo kanuni ya "mpigaji kwanza" inapoonyesha udhaifu wake. Ni kanuni nzuri kwa timu yenye hela ya kununua mrushaji aliyekwishaiva. Pittsburgh hawana mkwanja wa aina hiyo, au wamiliki wake hawautoi. Kwao, njia pekee ya kuwa na mtu kama Skenes ni kumchukua akiwa mwanafunzi.

Pirates hawakukosea, ila saa inakwenda

Kumlaumu Pittsburgh kwa kumchagua Skenes ni kuwaonea. Crews, mpigaji aliyemfuata, hadi mwisho wa 2025 hakuwa amefika karibu na kiwango chake. Tena Pirates walishajaribu wapigaji. Mwaka 2021 walikuwa wa kwanza kwenye foleni wakamchukua Henry Davis, anayedaka mpira na aliyesifiwa kwa kupiga. Kupiga kumemshinda mpaka sasa. Mwaka 2022 wakamchukua Termarr Johnson, nafasi ya nne, naye msimu wa 2025 uliisha hajafika ligi kuu.

Mpigaji naye anaweza kufeli. Ila uwezekano wake wa kudumu ni mkubwa zaidi, na tofauti hiyo ina maana sana kwa timu inayojengwa miaka mitano au sita.

Na Pirates wameshapita njia hii. Mwaka 2011 walimchukua Gerrit Cole, mrushaji, namba moja. Aliwasaidia kufika mtoano, kisha Januari 2018 wakampeleka Houston kwa kubadilishana. Baada ya misimu miwili akasaini na Yankees kwa dola milioni 324, na 2023 akashinda Cy Young akiwa na jezi ya New York. Mwaka 2025 hakucheza kabisa kwa sababu ya, umekisia, kiwiko.

Skenes yuko chini ya Pirates hadi mwisho wa msimu wa 2029. Baada ya hapo anaweza kwenda popote, na bei yake inaweza kupita ya Cole. Hiyo ni saa ya kwanza. Saa ya pili iko ndani ya mkono wake, na hakuna mtu anayeweza kuisoma.

Tumaini la Pittsburgh linaitwa Konnor Griffin, mpigaji waliyemchukua shuleni 2024, nafasi ya tisa. Mwishoni mwa 2025, akiwa na miaka 19, alikuwa ameshapanda hadi daraja la Double-A na kutajwa kama kijana mwenye kipaji kikubwa kuliko wote walio nje ya ligi kuu.

Kijana mmoja hatoshi. Pirates wanahitaji wapigaji watatu au wanne wa kuaminika kabla ya 2029, na kwa kuwa drafti ni polepole, itabidi wengine wanunuliwe. Wakichelewa, watajikuta palepale walipokuwa na Cole: wamemlea mrushaji bora, halafu timu nyingine ndiyo inamfaidi.