Kiharusi cha pili: Je, hesabu za hatari zinatosha?

Swali la kwanza la mtu aliyenusurika kiharusi ni iwapo kitarudi. Kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya na Marekani wamelijibu kwa kujumlisha alama. Hesabu iliyotumika sana, ABCD2, ilichapishwa mwaka 2007 kwa ajili ya kiharusi cha kupita, yaani kile ambacho dalili zake hutoweka ndani ya saa 24. Umri wa miaka 60 au zaidi hupewa alama moja, shinikizo la damu la kuanzia 140 kwa 90, moja, kisukari, moja, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mbili, dalili zilizodumu saa nzima, mbili. Alama za juu kabisa ni saba. Mwenye alama chache aliweza kungoja.

Kungoja huko ndiko kulikoleta mashaka. Mwaka 2019 taasisi ya NICE, inayoandaa miongozo ya tiba nchini Uingereza, ilielekeza kwamba hesabu hizo zisitumike kuamua nani ahudumiwe haraka, kwa sababu hazikuwatenganisha vya kutosha walio hatarini na wasio hatarini. Utafiti wa Oxford ulikuwa umekwisha kuonyesha, mwaka 2007, kwamba tiba ya mapema ilipunguza viharusi vya kurudia ndani ya siku 90 kutoka asilimia 10.3 hadi 2.1.

Kwa ukanda wetu, kasi ya namna hiyo si rahisi. Kiharusi cha damu kuganda na kile cha damu kuvuja ubongoni hutofautishwa kwa picha ya ubongo, na mashine zake zimejikusanya mijini. Si jambo dogo: katika utafiti wa Nigeria na Ghana uliochapishwa 2018, takriban theluthi moja ya viharusi vilikuwa vya kuvuja, na aspirini inayomfaa mgonjwa mmoja yaweza kumdhuru mwingine.

Kinachosaidia kwa aina zote mbili ni kushusha shinikizo la damu. Jaribio la PROGRESS la mwaka 2001, lililohusisha watu zaidi ya 6,000 waliowahi kupata kiharusi au kiharusi cha kupita, lilipunguza cha kurudia kwa asilimia 28. Kifaa cha kupimia shinikizo kipo hata katika zahanati nyingi. Kinachokosekana mara nyingi ni utaratibu wa kumwita mgonjwa arudi kupimwa baada ya kutoka hospitali, na vidonge vya mwezi wa pili.