Tamko la Wasanii wa Makindu Kuhusu Ruzuku za Balozi

Sisi, wachezaji wa kilumi, wasusi wa vyondo na wachongaji tuliojiunga katika chama kimoja hapa Makindu, Kaunti ya Makueni, tunatoa tamko hili kuhusu ruzuku ambazo balozi za nchi za nje zilizoko Nairobi hutoa kwa miradi ya kubadilishana utamaduni na elimu.

Tuanze na la dharura. Wako watu wanaopita vijijini wakitoza "ada ya fomu ya ubalozi". Wananchi wafahamu kwamba kujisajili katika SAM, mfumo wa serikali ya Marekani ambao vikundi vinavyoomba ruzuku za ubalozi wake hutakiwa kujiandikisha, ni bure. Namba ya utambulisho iitwayo UEI hupatikana humo humo, nayo ni bure. Aliyetozwa ada ya usajili huo ametapeliwa, na mahali pa kupeleka habari hiyo ni kituo cha polisi.

Hatupingi ruzuku, wala hatuogopi mgeni. Mji huu umekua kando ya reli, na hekalu la Masingasinga lililojengwa hapa mwaka 1926 hadi leo humpa msafiri wa barabara ya Mombasa chakula bila kumuuliza dini yake. Uchongaji wetu Wakamba nao una asili ya safari: Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka Vita Vikuu vya Kwanza na ufundi aliouona kwa wachongaji wa Tanganyika, na kwao ukaenea. Mwaka 1959, wanafunzi 81 walipopanda ndege kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya, wafadhili wa kule walikodi ndege, na huku nyumbani jamaa wakafanya michango. Kila upande ulitoa chake. Huko ndiko kubadilishana tunakokujua.

Tunachokilalamikia ni njia ambayo fedha hizi hupitia. Matangazo ya ubalozi wa Marekani kwa kawaida hutaka ombi liandikwe kwa Kiingereza, bajeti iwe kwa dola, na mradi uwe na sehemu ya Kimarekani: mtaalamu, chuo au taasisi ya kule. Sharti hilo tunalielewa, kwa kuwa fedha ni zao. Lakini msusi wa Makindu atamjulia wapi profesa wa Chicago? Anayemjua ni mtu wa Nairobi mwenye ofisi. Basi ombi huandikwa kwa jina la huyo, nasi tunaingizwa ndani yake kama "jamii lengwa".

Yametukuta. Mradi mmoja ulituita tucheze kilumi kwa dakika kumi mbele ya kamera. (Kilumi ni ngoma ya kuombea mvua, dakika kumi hata ngozi za ngoma hazijapata moto.) Tulipewa soda na nauli. Ripoti ya mradi hatujaiona, na aliyesafiri ng'ambo kueleza utamaduni wetu hajui hata kushika mwiko wa ngoma hiyo.

Kwa hiyo tunaziomba balozi zitoe matangazo yao kwa Kiswahili pia, na maofisa wao wafike mjini Wote na hapa Makindu kuyaeleza. Kikundi chenye cheti chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 kikubaliwe kuwa mwombaji mkuu, na ubalozi wenyewe ukiunganishe na mshirika wa nchi yake. Panapokuwa na tiketi ya ndege, ya kwanza iwe ya mwenye ufundi.

Serikali ya Kaunti nayo tunaiomba itenge fungu la utamaduni katika bajeti yake. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa siku 90 kwa amri ya siku moja. Ngoma inayosubiri mfuko mmoja wa ugenini itanyamaza mfuko huo ukifungwa.

Kwa wanachama: msitie sahihi karatasi msiyoisoma, na msitoe nakala ya cheti chetu kwa yeyote.

Kuanzia leo, mtu asiye na barua yenye sahihi za mwenyekiti, katibu na mweka hazina wetu hana idhini ya kuomba ruzuku wala kupokea fedha kwa niaba ya chama hiki.