Guta la watoto na ile stika ya bima

Baba mmoja wa Utemini, mjini Singida, alinunua guta la kubebea mizigo, akalipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Likatoka na benchi mbili na turubai. Sasa asubuhi linabeba watoto sita na mabegi yao kwenda shule. Stika ya bima anayo, hivyo moyo wake umetulia.

Tatizo liko kwenye kadi. Bima ilikatwa kwa maelezo ya kadi, na kadi inasema chombo cha mizigo. Benchi hazimo, abiria hawamo. Kampuni ikikuta chombo kimebadilishwa bila kuambiwa, inaweza kukataa kulipa. Mguu wa mtoto ukivunjika, hospitali, magongo na safari za kliniki vinabaki juu ya familia.

Tena bima ndogo, ile ya lazima kisheria, ni ya kumlipa mtu wa tatu. Haitengenezi guta, wala haimtibu dereva. Wengi hulijua hilo siku ya ajali.

Kwa hiyo kabla ya fundi kuwasha mashine, mzazi aende kwanza kwa kampuni ya bima aulize: chombo hiki kikiwekwa viti, mtakikatia bima ya abiria? Wakikubali, jibu liwe la maandishi, na kadi irekebishwe TRA. Wakikataa, benchi zisifungwe, watoto watembee.

Na stika yenyewe ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA mtandaoni, kwa namba ya usajili. Simu uliyoshika inatosha.