Vihisi mtoni na uchimbaji haramu: nani atapokea taarifa?

Kila ifikapo mwezi Agosti, wataalamu wa maji hukusanyika mjini Stockholm, Sweden, katika Wiki ya Maji Duniani, mkutano ulioanza mwaka 1991. Vihisi ni miongoni mwa vifaa ambavyo wataalamu hao wanavitegemea. Huzamishwa mtoni, hupima tope, asidi na chumvichumvi, kisha hutuma vipimo kwa mtandao wa simu kila baada ya dakika chache.

Kwa mito inayochafuliwa na wachimbaji haramu wa dhahabu, habari hiyo inatia moyo. Hata hivyo, tusikipe kifaa sifa isiyo yake. Kihisi cha aina hiyo hujua kwamba maji yamebadilika, basi. Zebaki, inayotisha kuliko yote, hakiioni. Hiyo bado hupimwa maabara. Kinachoweza ni kuita watu waje kuchota sampuli kabla maji hayajapita.

Na hilo si jambo dogo. Mwezi Machi 2022 samaki walielea wamekufa katika Mto Mara, kaskazini mwa Tanzania, na maji yakawa meusi. Wengi walishuku migodi. Kamati ya serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, na wananchi wengi hawakuridhika. Vipimo vya kila saa vya wiki zilizotangulia, juu na chini ya kila eneo lililoshukiwa, vingepunguza ubishi huo.

Lakini tuitazame Ghana. Mwezi Septemba 2024, shirika la maji la nchi hiyo lilitangaza kwamba tope la Mto Pra, kwenye mtambo wa Sekyere Hemang, limefikia wastani wa vizio 60,000, ilhali mtambo ulijengwa kuhimili 2,000. Wakazi wa Cape Coast wakapungukiwa maji. Kipimo kilikuwepo na wachimbaji haramu walijulikana waliko, ila mashine zao hazikuwa zimeondolewa mtoni.

Kwa hiyo watakaokutana tena Stockholm tunawauliza: kihisi kikituma onyo saa nane za usiku, simu ya nani italia? Ikiwa ni ya afisa aliye mbali, asiye na gari wala mafuta, tumepata takwimu tu. Sisi tungependa onyo hilo limfikie pia mwenyekiti wa kijiji kilicho chini ya machimbo, ili asubuhi hiyo kina mama wasiende mtoni na ndoo.